Ukibuni mgahawa na baa ya pwani ya Mediterania, anza na upepo

Wanaoanza kazi hii hupenda kugawa ukumbi kwa nchi: kona ya Ugiriki ya bluu na nyeupe, kona ya Moroko yenye taa za shaba, kona ya Hispania yenye picha ya fahali. Matokeo yake ni banda la maonyesho. Kila utamaduni upe kazi, usiupe kona.

Chukua visiwa vya Aegea, Ugiriki. Julai na Agosti huvuma Meltemi kutoka kaskazini, na hukaza mchana. Ukiukinga kwa ukuta mzima, upepo hupanda juu yake na kuanguka upande wa pili kwa vishindo, palepale ulipopanga meza. Kiambaza chenye matundu karibu nusu ya eneo lake huupunguza kasi bila kuuvuruga. Hapo mashrabiya ya Misri, kiambaza cha mbao chenye matundu ya urembo, inapata kazi. Itengenezwe kwa mvule, mti ambao masoko ya mbao ya Ulaya huuita iroko, na ifungwe kwa skrubu za stenlesi (chuma cha pua) ya daraja la 316. Zile za 304 ni za bei nafuu zaidi, lakini chumvi ya bahari huzitia madoa ya kutu. Jiko la mkaa liweke kusini mwa meza.

Kuta zivae tadelakt ya Marrakech: lipu ya chokaa inayosuguliwa kwa jiwe laini na sabuni nyeusi ya mizeituni mpaka ing'ae na kuzuia maji. Fundi chokaa wa Lamu angeitazama na kuielewa. Ila usiipandishe kwenye kaunta. Limau, divai na siki huila chokaa, na marumaru nyeupe ya Carrara, ambayo karibu kila mteja huitaka, huharibika vivyo hivyo: alama za duara za bilauri hazifutiki. Weka graniti.

Uso wa mbele wa kaunta uvishe zellige ya Fez. Vigae hivi hukatwa kwa mkono, havilingani, kwa hiyo agiza asilimia 15 zaidi. Vilowekwe kabla ya kubandikwa, na nafasi kati yao iwe milimita 1 hadi 2. Sakafuni hapana, vikilowa vinateleza. Funga bomba la kuwekea miguu sentimita 20 kutoka chini, la sivyo viatu vitavunja safu ya mwisho. Kaunta iwe na kimo cha sentimita 110, viti 75, na kila mnywaji apate upana wa 60.

Meza ndizo huangusha michoro mingi. Mbunifu hupima watu, hapimi sahani. Meze za Lebanoni au tapas za Hispania kwa watu wanne ni sahani ndogo nane au kumi, mkate, glasi na majagi. Meza ya 80 kwa 80 haitoshi, chora 120 kwa 80.

Baa ndiyo huunganisha pwani zote kwa urahisi. Ouzo, arak, pastis na raki ya Uturuki (ile ya Krete haina anisi) ni pombe kali zenye anisi, kiungo cha mbegu zenye harufu tamu, na zote hugeuka nyeupe zikitiwa maji. Barafu ikitangulia, mafuta ya anisi huganda juu kama utando. Basi panga mkono wa mhudumu: chupa, kisha bomba la maji baridi, kisha sinki la barafu, kwa mfuatano huo. Arak huchukua maji mara mbili, pastis mara tano, kwa hiyo agiza majagi ya saizi mbili.