Shangazi, nimekula hesabu ya tajiri

SWALI: Shangazi, shikamoo. Naendesha bajaji ya mtu hapa Dodoma, kijiwe chetu kipo Nkuhungu. Hesabu ninayompa tajiri, mwenye chombo, ni sh 20,000 kwa siku. Zamani nilikuwa nabeti buku moja Jumamosi, kunogesha mpira tu. Sasa nabeti kila siku, na usiku nahamia kwenye kindege, ule mchezo wa kamari wa kwenye simu. Nimekula hesabu ya siku 14, tajiri nikamwambia chombo kipo gereji. Nina mikopo miwili ya simu na mke wangu hajui. Juzi mkeka wa mechi kumi, ambao lazima zote zitiki ndipo ulipwe, umechanwa na timu moja tu! Nifundishe kubeti kwa nidhamu nirudishe hizo pesa, halafu niache kabisa.
Dereva, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kubeti kwa nidhamu kupo. Ni kwa yule anayetenga buku yake kabla mpira haujaanza, ikiliwa analala, na hajawahi kukopa wala kumdanganya mtu kwa ajili ya mkeka. Wewe hapo umeshapapita. Kwako ni kuacha, na utaacha madeni yakiwa bado yapo.

Huo mkeka unaoulilia tuupigie hesabu. Tuseme kila mechi ilikuwa na odi 1.5, yaani ikitiki dau linazidishwa mara moja na nusu: buku yako ingeleta kama sh 57,700. Lakini hata kila timu ikiwa na nafasi 63 katika 100 za kushinda, zote kumi kushinda pamoja ni kama mara 1 katika 100. Kampuni inakata chake kwenye kila odi, kwa hiyo ukirefusha mkeka unazidi kuwakatia. Kuchanwa na timu moja ni kuliwa tu, ila kichwa kinakwambia "nilikaribia", na kesho yake unarudi. Kindege ndiyo balaa zaidi, maana raundi inaisha kwa sekunde. Mpira angalau una dakika 90.

Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili miaka mingi. Wanaume kama wewe huletwa na ndugu wakiwa wameshauza hadi godoro, kwa kuogopa jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapo Dodoma, ambalo mitaani mmeligeuza tusi. Upuuzi mtupu! Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Nenda hapo Mirembe useme, "Nashindwa kuacha kubeti." Usitegemee kidonge, tiba yake kubwa ni mazungumzo na mtaalamu, mkitafuta ni saa gani na hali gani inakushikisha simu. Na kama wazo la kujiua limekupitia (nauliza kwa sababu madeni ya siri hulileta), usingoje Jumatatu. Nenda leo, na usiende peke yako.

Mkeo aambiwe usiku huu, deni lote. Ukibakiza mkopo mmoja wa siri, huo ndio utakaokurudisha kwenye mkeka. Simu ya kupokelea nauli ikae kwake.

Tajiri naye mfuate kabla hajapita mwenyewe hapo gereji. Unadaiwa sh 280,000. Mwambie hesabu utamtumia kila jioni kabla hujapaki, na juu yake sh 2,000 ya deni. Kwa siku 140 litakuwa limekwisha. Anaweza kukunyang'anya bajaji, sikufichi. Akikunyang'anya, utaendesha ya mwingine ukimlipa polepole. Ndugu akitaka kukuokoa, asikupe hela mkononi, alipe mkopo mwenyewe.

Akaunti za kubeti piga huduma kwa wateja, zifungwe moja kwa moja, na uombe ujumbe wa kuthibitisha. Wakikuzungusha, leseni yao inatoka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Peleka malalamiko huko. Meseji za bonasi zitaendelea kuingia, hasa mechi zikikaribia. Badilisha laini, na namba mpya wape abiria wako, mkeo na tajiri tu.