Dar mpaka Moshi, mlima siku moja, Jumatatu kazini: inawezekana?

Mkuu umeuliza kama mtu wa Dar anaweza kwenda Moshi wikendi, akagusa mlima Kilimanjaro siku moja na Jumatatu awe ofisini. Inawezekana, mi nimefanya, ila kilele sahau. Siku moja inakufikisha Mandara, kituo cha kwanza njia ya Marangu, mita 2,720, na utarudi umeridhika.

Usipange kupanda Jumamosi. Mi nilichukua basi la Ijumaa usiku nikijua asubuhi naunganisha moja kwa moja, likatufia njiani, tukakaa pembeni ya lami mpaka kunakucha, Moshi nikaingia saa saba mchana. Ikabidi nilale nipande Jumapili, na kumbe ndo ilikuwa sawa, maana mwili ulishapumzika.

Saa kumi na mbili asubuhi nipo kwenye hiace ya Marangu Mtoni, pale bodaboda mpaka getini. Keshi hawapokei, unapewa kontro namba unalipia, na bila muongozaji huingii, kwa hiyo mtafute siku moja kabla. Wangu mzee wa Kichagga, kila nikikaza mwendo ananiita, "Baba, mlima haukimbii." Masaa matatu ndani ya msitu, mbega wanaruka juu, miti ina ndevu, akanionyesha kiua chekundu kimejikunja kama mkonga wa tembo, eti hakioti popote duniani ila mlima huu.

Sasa sikiliza hapa. Sisi wa Dar tunajua jasho, jasho la baridi hatulijui. Nimefika Mandara tishati imelowa chapachapa, nimekaa dakika tano tu meno yanagongana. Beba tishati kavu na sweta, na usizifunge kwenye rambo, zile si zilipigwa marufuku. Ukiwa bado na pumzi ongeza kama robo saa mpaka kreta ya Maundi, shimo la volkano ya zamani, mi niliiona Mawenzi, kile kilele cha pili cha mlima, kidogo tu halafu wingu likafunga.

Kupanda si kazi aisee, kazi kushuka. Nilivaa raba za kukimbilia, zimenibana, vidole vinagonga mbele kila hatua, ukucha wa dole gumba ukawa mweusi. Basi la usiku, Jumatatu asubuhi kweli nipo ofisini, ila ngazi nilikuwa nashuka kinyumenyume nimeshika ukuta, na mlinzi ananiangalia tu.