Mpini Unaoteleza: Anza kwa Kuitoa Vanishi

Jembe la dukani siku hizi huja na mpini uliopakwa vanishi hadi unang'aa, na mng'ao huo ndio unaokuumiza. Ukiwa dukani unaona mpini mzuri. Shambani, jasho likishatoka na lile vumbi jembamba la huku Dodoma likashika kwenye viganja, mpini unaanza kuzunguka mkononi. Hapo mtu hubana kwa nguvu zote, na kubana huko ndiko kunakoleta malengelenge na kuuchosha mkono hadi kwenye kiwiko.

Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo mipini naishughulikia Novemba, tukiwa bado tunatazama mawingu. Mvua ikishanyesha hakuna mwenye muda wa kukwangua miti.

Kwanza vanishi itoke. Mimi hutumia kipande cha kioo kilichovunjika. Kishike kwa kitambaa kinene, kisimamishe wima juu ya mpini, kisha uvute kuelekea kwako bila kukandamiza. Vanishi itatoka kwa vinyweleo vyembamba vinavyojikunja, na ukiona unga mtupu ujue kioo kimeisha makali, geuza upande mwingine. Halafu pitisha msasa namba 80, kwa urefu wa mti, basi. Wengi huendelea na msasa laini mpaka mpini ung'ae tena. Sasa ulikuwa unakwangua nini?

Mti mtupu hunyonya jasho, lakini usiuache hivyohivyo, maana jua la hapa hupasua. Paka mafuta ya kitani (linseed) kidogo, subiri yanywewe, futa yote yaliyobaki juu. Kitambaa ulichofutia kitandaze nje kikauke, usikikunje na kukitupa stoo: mafuta haya yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Mafuta ya alizeti, ingawa yamejaa kila nyumba hapa, siyashauri. Hayakauki vizuri, na mpini unabaki unanata na kukusanya vumbi.

Mpini wa plastiki, kama ule wa panga, haukwanguliki ukafaa. Huo uvalishe tyubu ya baiskeli. Kata kipande kizima kirefu kama mpini, osha ule unga mweupe wa ndani, lowesha kwa maji ya sabuni, kisha kisukume taratibu huku ukikizungusha. Sabuni ikikauka hakitoki. Kwa jembe tafuta tyubu ya pikipiki, ya baiskeli itakusumbua bure. Usikate vipande virefu vya kuzungushia, kingo zake hujiviringa na kukwaruza kiganja.

Tyubu ina ubaya wake. Ukiliacha panga juani saa sita, mpira mweusi unaunguza mkono, na baada ya misimu kadhaa unapasuka.

Shoka ni habari nyingine kabisa, na hapa watu wengi huharibu. Ukipasua kuni, mkono wa juu lazima uteleze kushuka kwenye mpini shoka linapoanguka. Ukifunga mpira mpini mzima, mkono unakwama katikati na pigo linakufa. Funga sehemu ya chini tu, pale mkono wa pili unapokaa.

Wazee wa vijijini hawahangaiki na haya yote. Wanakata mti wa mkole, wanautoa gome, na wanapochonga wanaacha mwisho wa mpini uwe mnene kidogo kuliko kwingine. Mkono ukiteleza unakutana na unene huo na kusimama. Kwangu mimi mpini huo unapita tyubu zote, na ukipata fundi wa kukuchongea, mpini wa dukani mwachie aliyekuuzia.