Leo Kamaliza Bakuli, Kesho Hagusi: Mbwa wa Amana na Chakula Chake

Juzi umeingia ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma. Jirani yake kahamishwa kikazi, kamwachia mbwa amtunzie mpaka apate nyumba yenye ua. Dume, mlinzi, kilo ishirini na ushee. Siku moja analamba bakuli mpaka linang'aa, siku mbili zinazofuata anaunusa ugali na kwenda zake kulala. Dada kashajaribu wali, kashajaribu maini, kashanunua na chakula cha punje cha dukani. Sasa anauliza ampikie nini.

Asimpikie kitu kipya. Kila unapobadilisha chakula kwa sababu mbwa kasusa, unafanya makosa mawili kwa mkupuo. Unamfundisha kwamba akiukataa ugali saa moja, saa mbili yanakuja maini. Na unaharibu ushahidi, maana akila leo hutajua kama ni maini, ni hali ya hewa, au ni homa iliyoshuka yenyewe.

Mbwa anayekula kwa kuruka siku yuko katika hali moja kati ya tatu: ameshiba, hawezi, au hataki. Karibu kila mtu huanza na hiyo ya tatu, anambembeleza mbwa kama mtoto aliyedeka. Anza na ya kwanza.

Kushiba kuna hesabu yake. Mbwa mzima wa kilo 20, asiye na kazi nzito, anahitaji takriban kalori 1,000 hadi 1,100 kwa siku. Hizo ni unga gramu 180 (ukishasongwa ni kama nusu kilo ya ugali), dagaa wakavu gramu 80, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti. Basi. Sasa chukua lile beseni ambalo nyumba nyingi za huku humjazia mbwa jioni, kilo moja na nusu ya ugali na mchuzi juu. Ugali peke yake umepita kalori 1,700. Mbwa akilimaliza Jumatatu, Jumanne hana sababu ya kula, na Jumatano ataonja tu. Huyo hana ugonjwa, anayekosea ni mwenye mwiko.

Halafu kuna vibakuli usivyoviona. Mlinzi wa nyumba ya pili anamrushia ukoko, watoto wanampa andazi, mama lishe wa barabarani anamwaga mabaki jirani na geti, na wikiendi kuna mifupa ya mbuzi choma. Kwa hiyo kwa siku tano mbwa asitoke nje ya ua. Kama hakuna ua, kamba ndefu chini ya kivuli, maji karibu. Mtu mmoja tu ndiye amlishe, na mtu huyo awe na daftari: saa ya kula, gramu zilizowekwa, zilizobaki, maji aliyokunywa, choo kilivyokuwa. Choo usikionee kinyaa. Kikiwa na vipande vya mifupa, manyoya ya kuku au mfuko wa plastiki, umeshajua anakula wapi.

Bakuli likae chini dakika 20, kisha liondoke, liwe limeliwa au halijaliwa. Katikati hapana kitu. Uzito mpime kila wiki kwa mizani ya bafuni: simama nayo ukiwa umembeba, kisha peke yako, utoe. Mbwa anayeruka siku lakini uzito umesimama palepale si wa kukunyima usingizi. Aliyepoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake apelekwe kwa daktari wa mifugo, hata kama leo kala vizuri.

Hawezi. Hapa ndipo mbwa wa amana anapotofautiana na wako wa siku zote, kwa sababu hujui alikotoka na nini. Kabla hujamfunua mdomo kutafuta mfupa uliokwama, uliza cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakuna cheti, na mbwa anatoa udenda, taya limelegea, sauti imebadilika, anataka kumeza anashindwa, au tabia imegeuka ghafla? Usitie mkono. Mfungie mahali pamoja, watu na watoto wakae mbali, mpigie daktari wa mifugo. Akikung'ata au udenda ukaingia kwenye kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Kama chanjo ipo na mbwa ni mtulivu, inua mdomo wa juu kwa upande. Mfupa uliokaa kama mtambaa wa panya kati ya magego ya kushoto na kulia, juu kwenye kaakaa, ni jambo la kawaida kwa mbwa wanaolishwa mabaki ya nyama choma. Huyo anakuja bakulini mbio, anachukua tonge, anaangusha. Jino lililovunjika nalo hujionyesha: anatafunia upande mmoja, uji anakunywa, kigumu anaacha.

Ukiwa hapo hapo, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, achia. Rangi ya waridi irudi kabla hujamaliza kutamka “moja, mbili”. Ufizi uliopauka kama karatasi, au wenye manjano, ni safari ya kliniki leo, si kesho. Mbwa mwenye ufizi mweusi wa asili mtazame utando wa ndani ya kope la chini.

Upaukaji huo huku kwetu mara nyingi huanzia kwa kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hubeba erlikia na babesia, vijidudu vinavyoshambulia chembe za damu, na ndio maana mbwa anakuja kwako mzima, anakula vizuri wiki mbili, kisha hamu inaanza kupanda na kushuka. Kuanzia kung'atwa mpaka dalili za erlikia kuonekana hupita wiki moja hadi tatu, na homa yake inaweza kuja na kuondoka. Siku ya homa hali, siku ikishuka anakula, na wewe unadhani kapenda dagaa wa leo. Mpime kwa kipimajoto chenye mafuta kidogo kwenye ncha, kwa njia ya haja kubwa, asubuhi na jioni siku tatu. Kawaida ni nyuzi joto 38.3 hadi 39.2 za Selsiasi. Ukiona 39.8 jioni, na ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkanda wa shingoni kuna kupe, umeshapata pa kuanzia na daktari atataka damu. Erlikia hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida siku 28. Usiache siku ya kumi kwa kuwa kachangamka. Mpe kidonge baada ya chakula, si tumbo tupu, na kisindikize kwa maji au tonge laini. Dawa yenyewe ikitolewa vibaya humtapisha, halafu tunarudi kulekule kwa mbwa asiyekula.

Nyongeza kuhusu kupe: dawa ya kuogeshea ng'ombe si ya kukadiria kwa kizibo. Amitrazi, mojawapo ya dawa hizo, ikizidi, au mbwa akiilamba, humlegeza na kumfunga hamu. Ivermektini ya sindano ya ng'ombe ina miligramu 10 kwa mililita moja, ni kali mno kwa mkono usio na vipimo. Na asiyekula kwa sababu ya maumivu usimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya binadamu, utamtoboa tumbo na kuziua figo.

Sasa unga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi. Somo hilo tulilishika kwa meza ya watu, kwa bakuli la mbwa hatukulishika. Bado mahindi yaliyovunda, yale ya chini ya gunia yenye ukungu wa kijani, yanapelekwa mashineni kwa maneno “haya ya mbwa”. Mbwa ni dhaifu mbele ya sumu hii, na kuipika hakuiui. Ugali uchemke saa nzima, sumu iko palepale. Inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo pumba ni mbaya kuliko dona, na dona ni mbaya kuliko sembe ya mahindi yaleyale. Dalili huanza kidogo kidogo: kula nusu, kutapika, kulegea, ndipo manjano kwenye ufizi na macho, na damu kwenye choo. Unga wenye harufu ya ukungu au uchungu ulimini mwaga, usiwape kuku pia. Bahati mbaya sumukuvu inaweza kuwemo hata pasipo harufu, hivyo kanuni iwe moja: unga usioweza kuula wewe, mbwa wa amana asile.

Zabibu nayo. Sisi wa Dodoma tunaiona kama tunda la kumpa kila mgeni, na mbwa wengi hulinda mashamba yake. Kwa mbwa zabibu, mbichi au kavu, inaweza kuua figo, na hakuna idadi ya punje unayoweza kusema ni salama. Asidi ya tatariki iliyomo kwenye tunda ndiyo inayoshukiwa. Hutapika ndani ya siku moja, anaacha kula, kisha mkojo unapungua. Msimu wa mavuno, ukikuta maganda kwenye choo au matapishi, usingoje uone kama ataamka vizuri. Machicha ya mvinyo yaliyotupwa nayo yahesabu ni zabibu.

Ukishavuka yote hayo na mbwa ni mzima, ndipo useme hataki. Mara nyingi ana sababu. Oktoba na Novemba jua la huku halimruhusu mtu kula mchana, sembuse mwenye koti la manyoya. Mlishe saa 12 asubuhi na saa 1 jioni. Ugali wa asubuhi uliokaa juani mpaka mchana umeshachacha, na yeye ananusa kabla yako. Dagaa walioanikwa chini wana mchanga: waloweke dakika 10, waoshe mara mbili, angalia kinachobaki chini ya bakuli. Maji ya kisima yenye chumvi anayanywa kwa shida, na mbwa mwenye kiu hali. Chakula kiwe vuguvugu, kimwagiwe supu ya dagaa isiyo na kitunguu wala kitunguu saumu. Na mbwa wa ulinzi huenda alifundishwa kutopokea kitu kwa mgeni. Weka bakuli, geuka, ondoka. Shati la zamani la mwenye mbwa, lisilofuliwa, likiwekwa pale anapolala hufanya kazi ambayo maini hayafanyi.

Aliyefika mifupa nje ni habari nyingine. Huyo usimshibishe. Kilo 12 zilizokonda zianze na kalori kama 110 siku ya kwanza, yaani yai moja na nusu lililochemshwa, kwa awamu nne au tano, ukiongeza taratibu mpaka kama 430 siku ya tano. Beseni la ugali siku ya kwanza huvuruga madini ya damu, na siku ya pili au ya tatu mbwa huyumba, hutetemeka, hata kufa akiwa ameshiba.

Siku za kungoja: mbwa mzima asiyegusa kitu kwa saa 48 apelekwe, mtoto wa chini ya miezi 6 asipitishe nusu siku. Akitapika mfululizo, akiharisha damu au akikataa na maji, usihesabu saa.

Dada, mwenyewe akija kumchukua, mpe daftari na kilo mbili za unga aliozoea. Huko aendako ubadilishwe kwa siku saba, robo kwa robo, la sivyo ujumbe kama wako utaandikwa tena, safari hii kutoka mji mwingine.