Walipopiga Sauti Yangu Kwenye Spika: kwa Wagombea Mnaoitwa Vigeugeu

Juzi kijana mmoja wa Kasulu amenitumia ujumbe. Anajipanga kugombea udiwani na tayari wameshampa jina. "Kaka, wananiita kinyonga. Mwaka juzi niliandika status kwamba machinga wasiguswe pale barabarani, sasa nasema wapangiwe eneo lingine. Wameihifadhi picha ya ile status. Nijibuje?"

Nimecheka, kisha nikanyamaza muda mrefu. Nani alimwambia kwamba mimi ni fundi wa maswali hayo? Labda kila mtu Kigoma anajua yaliyonipata.

Mwaka 2024 serikali ilitangaza kwamba Ziwa Tanganyika litafungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Nchi 4 zinagawana ziwa hili, nazo zilikuwa zimekubaliana. Sisi huku mwaloni hatukutaka kusikia habari ya kuzaliana. Miezi 3 bila dagaa, mtu anayeishi kwa dagaa atakula nini? Siku moja kabla ya kufungwa, watu wakakusanyika kwenye mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, nikapewa kipaza sauti. Nikasema: "Anayefunga ziwa amefunga jiko la mama yako!" Makofi! Vijana wakanibeba juujuu. Nikaenda kulala najiona mbunge.

Ziwa likafungwa, tukalalamika, likafunguliwa. Agosti 15 mbalamwezi ilikuwa inakaribia kujaa, na anayejua dagaa anajua kwamba hapo hakuna kazi, taa za mtumbwi hazishindani na mwezi. Giza liliporudi mwishoni mwa Agosti ndipo shemeji yangu aliponipigia simu saa 10 alfajiri. Hakusalimia. "Njoo uone." Nikakuta samaki wetu wa ziwani, migebuka, ambao kwa miaka kadhaa sikuwa nimewaona wa saizi ile, na dagaa wamejaa hadi watu wamekosa vyombo. Nikasimama pale mchangani na kauli yangu ya Mei ikinikaba koo.

Nilibadilika siku ile. Naomba mlishike hilo, kwa sababu kubadilika sikulipwa na mtu, niliona kwa macho yangu. Kosa langu ni kwamba sikumwambia mtu.

Novemba nikachukua fomu ya uenyekiti wa mtaa. Kampeni zilikuwa siku 7 tu, na siku ya pili mwalimu mmoja mstaafu akaniuliza kama naunga mkono ziwa kufungwa tena. Nikajibu vizuri, kwa hoja, kwamba ndiyo, naunga mkono, mradi wavuvi wajulishwe mapema na wasaidiwe. Nikajisifu moyoni.

Siku ya tatu mpinzani wangu akafunga spika mbili juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akaleta ile sauti. "Anayefunga ziwa amefunga jiko la mama yako!" Kisha jibu langu kwa mwalimu. Kisha jiko la mama tena. Alizunguka nayo mtaa mzima, watoto wakaikariri, wakawa wananiimbia nikipita. Hadi leo wapo wanaoniita Jiko.

Jioni nikapanda jukwaani nikasema hivi, na naandika nikiwa na aibu: "Ndugu zangu, ile sauti si yangu. Imetengenezwa kwa kompyuta."

Mama mmoja anayeanika dagaa, mtu mzima wa kuniita mwanangu, akanyanyuka taratibu. "Mwanangu," akasema, "mbona mimi ndiye niliyekushikia mwavuli siku ile?"

Sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile. Hata mpambe wangu alicheka.

Ningenyamaza hapo, pengine ningepona. Nikaongeza kwamba nilinukuliwa vibaya. Yaani ndani ya dakika 5 sauti haikuwa yangu, kisha ikawa yangu lakini imenukuliwa vibaya! Halafu nikamrukia mpinzani, kwamba na yeye alishahama chama mara mbili. Hiyo ilikuwa kweli, ila hapa kwetu nani anashtuka kusikia mtu kahama chama? Marehemu Dk. Kabourou alikuwa mbunge wa Kigoma Mjini kwa CHADEMA, baadaye akaenda CCM. Zitto Kabwe alitoka CHADEMA mwaka 2015, na mwaka huohuo wa Kigoma Mjini wakampeleka bungeni kwa ACT-Wazalendo. Kuhama peke yake hakumwangushi mtu Kigoma. Mimi niliangushwa na mwavuli.

Nilishindwa kwa kura ambazo sizitaji, lakini wapigaji wake wangeenea kwenye daladala moja.

Baada ya wiki mbili nikamfuata yule mama kwenye chanja zake. Nilikwenda nimekasirika, nisiwadanganye, nilitaka kumuuliza kwa nini alinidhalilisha mbele za watu. Akanipa kigoda, akaendelea kugeuza dagaa. Akasema, "Ungesema tu siku ile ya mwavuli ulikuwa na njaa ya makofi. Wote tungekuelewa. Mimi mwenyewe nilipiga makofi, na Septemba nikauza dagaa kuliko wewe." Basi. Akanifungia na kilo moja ya kupeleka nyumbani, akakataa hela.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kasulu, jibu langu ni fupi: sema wewe kwanza. Kabla hawajaitoa ile picha ya status, itoe wewe. Iweke na tarehe, sema niliandika hivi, nikaona hiki, sasa nasema hivi. Usikane, usilete habari ya kunukuliwa vibaya, usimtafutie mwenzako la kwake. Sema wewe kwanza. Na kama uliyoyaona ni bahasha na si migebuka, basi usinitumie ujumbe tena, maana hapo wamekuita jina lako halisi.

Wagombea tunawachukulia wapiga kura kama hawana kumbukumbu, wakati siku hizi kumbukumbu yote iko kwenye simu. Mwaka 2015 CHADEMA, waliokuwa wamemshutumu Edward Lowassa wa CCM kwa miaka kadhaa, walimpa tiketi ya urais, na sisi wapambe wadogo huku mikoani tuliulizwa maswali hadi tukakimbia vijiwe vya kahawa. Wengi tulijibu kwa matusi. Mwaka 2019 alirudi CCM, na waliotukanwa walikuwa bado wanatukumbuka.

Lakini yupo aliyebadilika hadharani. Mwalimu Nyerere alijenga mfumo wa chama kimoja, ukawekwa kwenye sheria mwaka 1965. Mwaka 1990 ni yeye, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, aliyesema hadharani kwamba kuzungumzia vyama vingi si dhambi. Tume ya Nyalali ilipozunguka kukusanya maoni ya wananchi, Watanzania wengi walitaka chama kimoja kibaki, yeye akasimama na wachache, na mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Hakusubiri kufumaniwa na msimamo wake wa zamani, alisema mwenyewe hadharani. Sijilinganishi naye, Mungu anisamehe. Nasema tu kwamba anayebadili msimamo kuhusu ziwa ni lazima watu wamwone akitazama maji.

Mimi nitagombea tena. Ile klipu nimeitafuta mwenyewe, ninayo kwenye simu, na mkutano wangu wa kwanza nitaipiga kabla ya salamu. Nimemwomba yule mama akae mstari wa mbele na mwavuli wake. Amesema atakuja, kama siku hiyo dagaa watakuwa wameshakauka.