Barua kwa mwanangu: saini 757 za Chicago

Likoni, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Huku hatujambo. Kusi limeanza, na mgongo wangu umelijua kabla ya wavuvi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na mjomba wako. Nimeelewa hivi: vijana wa wadi wanakusukuma ugombee uwakilishi wadi 2027, mgombea huru. Wenzako wa kazini wanakucheka, eti MCA, yaani mwakilishi wadi, ni mtu wa kuombwa karo na michango ya matanga, heri ungoje ubunge. Halafu ukamalizia na Obama: "Kwani Mama, yeye miaka yote ile kule Illinois alikuwa akifanya nini hasa?" Wacha nianze na hilo la mwisho.

Sisi wengi tulimjua 2008, tulipopewa sikukuu tarehe 6 Novemba kwa ushindi wake wa urais na kila mtu akajikuta ana shemeji Kogelo, kijijini kwa babake. Kumbe kabla ya hapo alishakaa karibu miaka minane katika seneti ya jimbo, kuanzia Januari 1997. Si seneti ya Washington. Hii hukutana Springfield, mji mkuu wa Illinois, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwake Chicago, na ina maseneta 59 wanaobishana juu ya polisi, shule na bajeti ya jimbo. Alikuwa akienda na kurudi, na bado anafundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago.

Namna alivyoingia ndiyo iliyonikalisha macho. Kiti kilikuwa cha mama mmoja, Alice Palmer. Mwaka 1995 Palmer aliamua kutafuta kiti cha bunge la taifa, akamtambulisha Obama kwa watu kama mrithi wake. Novemba akashindwa na Jesse Jackson mdogo. Akageuka: nataka kiti changu cha zamani. Obama akakataa kumpisha. Sasa Palmer akawa hana muda, na kugombea mchujo wa chama kulihitaji saini halali 757 za wapiga kura wa eneo. Akakusanya mbiombio, akapeleka 1,580. Watu wa Obama wakakaa na yale makaratasi, jina kwa jina, wakilinganisha na daftari la wapiga kura. Huyu ameshafutwa daftarini. Huyu anakaa nje ya eneo. Huyu ameandika jina kwa herufi za kuchapa badala ya kutia saini. Walipomaliza, Palmer alikuwa hafikishi 757, akajitoa. Wagombea wengine watatu nao wakaondolewa vivyo hivyo. Machi 1996 Obama akaingia kwenye mchujo peke yake.

Sheria ilimruhusu, sibishi. Lakini yule mama ndiye aliyemshika mkono, na mimi hapo moyo wangu haujatulia mpaka leo. Mjomba wako ananiambia siasa si harusi.

Yeye ana haki ya kusema, maana hilo limempata. Ulikuwa shule ya bweni, hukuona. Mwaka 2013, wadi zilipoanza chini ya katiba mpya, aligombea bila chama, na mimi ndiye niliyezunguka na daftari. Katiba inataka mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyohiyo. Mia tano! Tulidhani ni kazi ya wikendi moja. Nilitoka na buibui langu na kalamu tatu, nyumba kwa nyumba. Watu walinikaribisha chai, walinipa mahamri, na walisaini kwa moyo. Mwanamke mmoja alimsainia mumewe aliyekuwa safarini Dubai, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wake mwenyewe. Mzee mmoja alinitajia namba ya kitambulisho kwa kichwa, ikatoka na tarakimu moja pungufu, na mimi nikaandika hivyohivyo kwa aibu ya kumuuliza mara ya pili. Vijana wa karibu na feri walisaini kundi zima, kumbe nusu yao wamejiandikisha Kwale. Tulikuwa na majina 540, tukijiona matajiri. Kilichofuata unakijua: majina halali hayakufika 500, mjomba wako akarudi kuuza vipuri.

Niliposoma habari za Palmer nilicheka peke yangu jikoni. Chicago na Likoni, ugonjwa mmoja.

Haya, sasa alifanya nini alipofika? Miaka sita ya mwanzo, si mengi. Chama chake cha Democrat kilikuwa wachache katika seneti ile, na miswada ya wachache hufia kwenye kamati bila hata kusomwa. Alipata moja ya maana 1998, sheria ya kuwabana wanasiasa juu ya zawadi na michango, akishirikiana na watu wa chama kingine. Jioni alicheza karata kwa dau dogodogo na maseneta wenzake, wakiwemo wa Republican na wa mashambani wasiofanana naye kwa lolote. Usikunje uso, sikwambii ucheze kamari. Ila wale aliocheza nao ndio aliokuja kuwahitaji.

Mara 129, katika kura kama 4,000, alijibu "nipo" badala ya ndiyo au la. Wapinzani wake walimchapa nayo baadaye, kwamba alikuwa akikwepa. Kule mswada unahitaji kura 30 za ndiyo, basi "nipo" inauangusha sawasawa na "la", ila hainukuliwi vibaya kwenye mabango. Ujanja, au woga? Naona vyote viwili.

Akachoka kungoja. Mwaka 2000 akamvaa Bobby Rush, mbunge mkongwe wa Chicago. Katikati ya kampeni, mwisho wa 1999, alikosa kura ya mswada wa bunduki kwa sababu alikuwa Hawaii na mwanawe anaumwa. Alisemwa vibaya sana. Rush akapata kura zaidi ya mara mbili ya zake, na Obama akarudi Springfield na madeni.

Sasa sikiliza bahati. Mwaka 2001 ramani ya maeneo ya uchaguzi ilikuwa ichorwe upya, vyama vikakwama, na sheria yao inasema mkikwama mnapiga kura ya bahati nasibu. Jina lilichomolewa ndani ya kofia ndefu ya mtindo wa Abraham Lincoln, likatoka la Democrat. Wakachora, 2002 wakashinda, na Januari 2003 walio wachache wakawa wengi. Emil Jones akawa rais wa seneti na kumpa Obama miswada mizito. Wenzake waliokuwa wameihangaikia miaka walinung'unika, na mimi ningenung'unika pia.

Lakini mmoja alioubeba ndio nataka uusome. Illinois ilikuwa imewatoa gerezani watu 13 waliohukumiwa kunyongwa kimakosa, baadhi yao walikiri wakiwa mikononi mwa polisi. Obama alidai mahojiano ya washukiwa wa mauaji yarekodiwe. Polisi walipinga, waendesha mashtaka walipinga. Alikaa nao kikao baada ya kikao, akilegeza hapa, akikaza pale, hadi ukapita seneti bila kura hata moja ya kupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kuweka jambo hilo kwa sheria ya bunge. Novemba 2004 akachaguliwa kwenda seneti ya Washington.

Basi hao wanaokucheka waache. Kama ni mimi ninaamua, gombea wadi. Sikuahidi kofia ya Lincoln.

Ila saini usimwachie mtu. Kusanya 900. Kila anayesaini akuoneshe kitambulisho, uandike namba ukiitazama, si ukiisikia. Mjomba wako anasema atakaa mezani kuyakagua majina, jina kwa jina, kama wale wa Chicago. Ameshanunua miwani mpya. Ukija Idi, njoo na nakala ya daftari la wapiga kura wa wadi, na unga wa ngano. Wa hapa umepanda bei.

Mamako