Kobe mchanga wa maji alishwe nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Columbus, Ohio. Shemeji yangu aliwanunulia wanangu kobe mdogo wa maji mwenye michirizi myekundu nyuma ya macho. Alimpata gulioni, na muuzaji akampa kikopo cha kamba wakavu akisema kwamba hicho ndicho chakula chake. Tangu hapo anakula kamba hao tu, na watoto humtupia vipande vya mkate nisipowaona. Majani ya lettusi hayagusi kabisa. Sasa kope zake zimevimba na hachangamkii chakula kama mwanzo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Kabla ya chakula, tuanze na hizo kope, kwa sababu haziwezi kungoja. Kobe mchanga aliyelishwa kamba wakavu pekee kisha akavimba kope mara nyingi huwa amepungukiwa na vitamini A, ingawa maji machafu na maambukizi nayo yanaweza kuleta hali hiyohiyo, na kwa kumtazama tu huwezi kujua ni lipi. Kobe wa aina hii hutegemea sana macho kutafuta chakula, kwa hiyo asipoweza kuyafungua atasusa hata chakula kizuri, na kadiri anavyokaa bila kula ndivyo upungufu unavyozidi. Mpeleke kwa daktari wa wanyama mwenye uzoefu wa reptilia. Usimpe vitamini za watoto wala usimtafutie sindano kwa watu wasio na ujuzi, maana vitamini A ikizidi mwilini huweza kumfanya kobe achubuke ngozi.

Sasa chakula. Kobe huyu akiwa mchanga hupenda vyakula vyenye asili ya nyama kwa kuwa anakua haraka na mwili unahitaji protini. Akishakuwa mkubwa ndipo majani yanapochukua sehemu kubwa zaidi ya mlo wake. Kwa hiyo kukataa majani kwa sasa si jambo la kukutia hofu, na lettusi hiyo ya rangi hafifu, hata angeikubali, ni maji matupu yasiyo na faida kubwa. Msingi wa mlo wake uwe chakula cha punje kilichotengenezwa mahususi kwa kobe wa maji wachanga, ambacho kina protini, vitamini na madini kwa uwiano unaofaa. Soma maandishi ya kopo na uhakikishe kwamba yanataja kobe wachanga, kwa kuwa punje za wakubwa huwa na protini kidogo. Mzoeshe taratibu: loweka punje katika maji yaliyolowekewa kamba wachache ili zishike harufu anayoijua, kisha punguza kamba siku hadi siku.

Kamba wakavu wenyewe si sumu. Tatizo lao ni kwamba hawatoshi kuwa mlo, na kwa bahati mbaya huuzwa kana kwamba wanatosha kwa sababu ni rahisi kutunza na kobe huwapapia. Wafanye kitafunio cha mara mojamoja. Nyungunyungu aliyekatwakatwa au nyenje mdogo humfaa zaidi, ilimradi usiwaokote katika bustani iliyopuliziwa dawa. Minofu ya kuku au ya samaki isiwe mazoea, kwa kuwa nyama isiyo na mifupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mwili wa kobe ukikosa kalsiamu huichota kutoka kwenye mifupa na gamba lake mwenyewe. Samaki wa dhahabu wanaouzwa wakiwa hai kama chakula ni vyema pia kuwaepuka, kwani wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mkate ukomeshwe leo. Vivyo hivyo maziwa na mabaki ya chakula chenu cha mezani.

Pamoja na hayo, endelea kumwekea majani ili ayazoee. Sukuma wiki ni chaguo zuri kwa sababu ina kalsiamu ya kutosha pamoja na viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na karoti iliyokwaruzwa inasaidia katika hilo la pili. Mchicha na spinachi, ambazo sisi tunazithamini, zina asidi ya oksaliki inayoifunga kalsiamu isitumike mwilini, kwa hiyo zisiwe chakula chake cha kila siku. Lining'inize jani zima ndani ya maji na uliache lielee. Kobe aliyelipuuza asubuhi huonekana jioni akilidonoa pembeni. Chakula chote apewe majini, maana nchi kavu humwia vigumu sana kumeza.

Hata hivyo, mlo bora bila mwanga na joto hautamfaa. Anahitaji taa ya mionzi ya UVB, ile iliyomo pia katika mwanga wa jua, ili mwili utengeneze vitamini D3, ambayo bila hiyo kalsiamu haifyonzwi ipasavyo na gamba hulainika. Kumweka karibu na dirisha hakusaidii, kwa kuwa kioo huzuia mionzi hiyo. Awe pia na mahali pakavu pa kuota joto, penye nyuzi 30 hadi 35 za Selsiasi.

Jambo la mwisho linawahusu wanao. Nchini Marekani, tangu mwaka 1975, ni marufuku kuwauza kama wanyama wa nyumbani kobe wenye gamba lililo chini ya inchi 4, yaani takribani sentimita 10, kwa sababu watoto wengi waliambukizwa bakteria wa salmonela kutoka kwao. Muuzaji wa gulioni bila shaka alilijua hilo. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomgusa kobe au maji yake, walio chini ya miaka 5 wasimshike kabisa, na vyombo vyake visioshwe katika sinki la jikoni.

SWALI: Mimi niko Muscat. Kobe wangu wa maji, ambaye hajafikisha mwaka, huja mbio kwenye kioo kila anaponiona, akitapatapa kama aliyeshinda njaa. Nimlishe mara ngapi kwa siku?

JIBU: Mara moja tu kwa siku, na akishapita mwaka mmoja umpe siku moja na kuruka nyingine. Ameshajifunza kwamba ukitokea wewe chakula kinafuata, hivyo atakuja mbio hata akiwa ameshiba. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni punje zinazoweza kujaa katika nafasi ya ukubwa wa kichwa chake. Baada ya dakika 15 ondoa zilizobaki, kwani huoza na kuchafua maji. Ukiona minofu imefura kwenye mapaja kiasi kwamba akijikunja haingii vizuri ndani ya gamba, punguza. Na kwa kuwa nyumba nyingi za huko huwashwa kiyoyozi mchana kutwa, pima maji kwa kipimajoto: yakishuka chini ya nyuzi 24, weka hita ya tangi kabla ya kufikiria kubadilisha mlo, kwa sababu kobe aliyepoa hawezi kumeng'enya alichokula.